Mluzi wa Gari la Mwalimu

Kwa Mzee Sikio redio ya gari haikupimwa kwa kelele. Kelele, alikuwa akisema, hata bati lililolegea linazo, upepo ukivuma. Redio ilipimwa kwa ukimya. Ikishafungwa, spika zikakaa milangoni na amplifaya ya kukuza sauti ikalala kwenye buti, mzee alipangusa mikono kwa kitambaa, akaingia kiti cha nyuma, akakaa katikati kabisa, akafumba macho. Injini iliwashwa, sauti ikafunguliwa bila wimbo wowote kupigwa, na kila mtu karakanani akaacha alichokuwa akikifanya. Hata seremala wa jirani aliombwa aupumzishe msumeno wake. Mzee akasikiliza. Kisha akafumbua macho na kutamka neno moja tu:

"Imelala."

Bila neno hilo gari halikutoka getini, hata kama mwenye gari alikuwa na bibi harusi anayemsubiri. Neno hilo ndilo lililowajengea jina. Ubao wa juu ya mlango uliandikwa KARAKANA YA SIKIO, na kando ya maandishi palichorwa sikio ambalo, kwa mapenzi ya mchoraji, lilifanana zaidi na kiazi. Watu walitoka mbali kukifuata hicho kiazi.

Ndiyo maana, asubuhi ile mwalimu wa kwaya aliporudi na gari lake dogo la kijivu, Koleo alijua kuna kesi kabla hata mwalimu hajafungua mlango.

Koleo ndiye binti wa mzee. Jina hilo alipewa na kaka yake walipokuwa wadogo, kwa sababu alikuwa akishika kitu haachii, kiwe kipande cha mkate au ubishi. Amekua, amesomea umeme chuoni, amepata cheti chake na kukitundika juu ya meza ya kazi, lakini jina limemganda.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Nimelirudisha."

"Bado tu?"

"Bado, na leo limenikosea adabu. Nikikanyaga mafuta linaanza chini, hivi." Mwalimu akafungua kinywa nusu, akatoa sauti nyembamba kama uzi wa kushonea. "Halafu linapanda, linapanda, linapanda. Nikibadili gia linashuka. Nina waimbaji wa sauti ya kwanza wasioweza kupanda hivyo. Lingekuwa na miguu ningelisajili kwenye kwaya."

Kaka, aliyekuwa akifunga mlango wa gari jingine, akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Mwalimu hakucheka. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na mafua yalikuwa yamemkaba siku ile.

"Mnaniona msumbufu," akasema. "Lakini mimi redio sikuinunua ili itingishe madirisha. Narekodi mazoezi ya kwaya, kisha njiani nasikiliza nani ameteleza. Mtu akiteleza anateleza kidogo sana, kama unywele. Sasa huo mluzi wenu umekalia pale pale ninapotaka kusikia."

Mzee Sikio alitoka ndani akiwa na kitambaa chake begani. Wakaamkiana vizuri, wakaulizana habari za nyumbani. Kisha bila kuulizwa mzee akafanya lile alilolifanya kila mara. Akapangusa mikono, akaingia kiti cha nyuma, akafumba macho. Kaka akawasha injini, akakanyaga mafuta kidogo. Seremala akasimamisha msumeno.

Mluzi ukatoka. Ulikuwa mwembamba, wa juu, safi, kama mbu aliyesoma hadi chuo. Kaka aliusikia. Koleo aliusikia. Seremala, upande wa pili wa uzio, alichungulia kuona nini kinalia.

Mzee akafumbua macho. "Imelala," akasema.

Kaka akazima injini.

"Mwalimu, mama yangu," mzee akaendelea akitoka garini, "gari lako halina neno. Wewe una masikio ya popo. Kazi yako ndiyo imekuharibu, unasikia hata vitu ambavyo havipo." Akamcheka kwa wema, akachukua kofia yake, akasema anakwenda mara moja duka la vipuri kutafuta fyuzi. Akatoka.

Mwalimu akamtazama Koleo. Koleo akatazama viatu vyake.

*

"Usianze," kaka akasema walipoingia chumba cha nyuma, mahali walipopanga marobota ya waya na spika mbovu. "Naujua uso huo. Usianze."

"Kaka, baba hausikii."

"Najua hausikii! Unadhani mimi kichwani nina pamba?" Akashusha sauti. "Nilitia kichujio kwenye waya wa umeme, hakikusaidia. Nikamwambia mwalimu apunguze sauti kali kwenye redio. Akaniambia ni sawa na kufukuza wanawake wote kwenye kwaya."

"Tangu lini unajua?"

"Na wewe tangu lini?"

Koleo alijua tangu siku ya birika. Birika la chai, lile lenye filimbi kwenye mdomo, lililia jikoni mpaka maji yakakauka na kitako kikaanza kunuka, na baba yao alikuwa amekaa kando yake akimenya chungwa, hana habari. Sauti nene alizisikia vizuri sana. Mlango ukibamizwa alishtuka. Mtu akimsema chinichini alimjibu. Ni zile za juu, zile nyembamba, zilizokuwa zikimtoroka moja moja, na yeye hakujua kwamba zimekwenda, maana hakuna anayejua asichokisikia.

"Sasa nisikilize, mdogo wangu," kaka akasema. "Mtu mzima anaitwa Sikio. Jina limeandikwa mlangoni. Umwambie sikio limekwisha? Atabaki na nini? Atakaa nyumbani ahesabu vigae? Mwache. Tutamtafutia mwalimu maneno matamu."

"Utampaka mwalimu mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Nitampaka kwa chupa yenyewe ikibidi."

"Na gari litoke hapa likilia, huku baba kashasema imelala?" Koleo akauliza. "Wewe unalinda sikio, kaka, sawa. Neno nani analilinda? Mwalimu ana watu wa kwaya wangapi? Kila mmoja ana mume, mke, shemeji mwenye gari. Wakishajua kwamba kwa Sikio redio inaitwa imelala na huku inapiga mluzi, hicho kiazi cha mlangoni tutakipika."

Kaka akakuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyependa mambo yapite.

"Basi lirekebishe," akasema hatimaye. "Lirekebishe kabla hajarudi, kimyakimya, aje alikute limelala kweli. Hakuna atakayeumia."

Na Koleo, tukisema ukweli, alikubali. Alitoka mle chumbani akiwa na nia hiyo hiyo: aue mluzi, afunge gari, baba arudi, maisha yaendelee.

*

Alimpa mwalimu kiti na kikombe cha chai, akajifunga kitambaa kichwani, akaanza.

Mtu asiye na subira hukimbilia kubadilisha vitu. Atang'oa redio, atang'oa spika, mwisho atabaki na rundo la vyuma na mluzi wake. Koleo alifundishwa na baba yake kutafuta kelele kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea: hafukuzi, anafunga njia moja moja mpaka mbuzi abaki na njia moja tu ya kutokea.

Kwanza akaacha injini ikiwa imezimwa, redio ikiwa imewashwa. Kimya. Akawasha injini. Mluzi. Akakanyaga mafuta, mluzi ukapanda pamoja na injini. Kwa hiyo ulizaliwa kwenye alteneta, kile kinu kinachozungushwa na injini ili kuijaza betri. Hilo halikuwa ajabu, alteneta zote zina mluzi wao. Ajabu ni njia gani uliyopita mpaka ukafika kwenye spika.

Akapunguza sauti ya redio hadi mwisho. Wimbo wowote ungekuwa umenyamaza, lakini mluzi ulibaki vilevile, haukupungua hata chembe.

"Umeona?" akamwambia mwalimu, ambaye alikuwa amesogeza kiti kuja kutazama. "Ungekuwa unatoka kwenye redio ungepungua nayo. Huu unaingilia nyuma ya redio."

"Kama mtu anayejiunga na kwaya katikati ya wimbo."

"Hapo hapo."

Akaenda kwenye buti. Akapima waya wa ardhi, ule unaoifunga amplifaya kwenye bodi ya gari. Wengi huufunga juu ya rangi wakadhani wamefunga kwenye chuma. Hapa rangi ilikuwa imekwanguliwa mpaka chuma kikang'aa, nati imekazwa kwa nguvu za mtu mwenye dini yake. Mita ikasema hakuna shida. Akachomoa kwenye amplifaya ule waya mwembamba wa kijivu unaoleta sauti kutoka kwa redio. Mluzi ukakatika kama umenyongwa.

"Amplifaya haina kosa," akasema. "Anayeleta maneno ni huyu waya."

"Kwa hiyo ni mbovu?"

Koleo alitumaini hivyo. Alitumaini sana. Waya mbovu hubadilishwa na hakuna anayeulizwa kitu. Akatoa waya mpya wa aina ile ile kwenye mfuko wake, akauchomeka kwenye redio upande huu na amplifaya upande ule, akaupitisha hewani tu, juu ya migongo ya viti kama kamba ya kuanikia nguo. Kaka akawasha injini. Akakanyaga.

Kimya. Kimya kizuri, cheupe.

"Haleluya," mwalimu akanong'ona.

Kaka akatabasamu kwa meno yote. "Si unaona? Waya mbovu. Pitisha huo mpya tumalize."

Koleo akang'oa ukingo wa plastiki wa chini ya mlango wa kushoto, akafunua kapeti ili apitishe waya mpya pale ulipopita wa zamani. Akaukuta msuko.

Aliujua vizuri kama vidole vyake, lakini aliutazama kana kwamba anauona kwa mara ya kwanza. Nyaya tatu, mwekundu mnene unaotoka kwenye betri, wa kijivu wa sauti, na mwembamba wa buluu unaoiamsha amplifaya, zilikuwa zimesukwa pamoja kutoka mbele hadi nyuma, jicho kwa jicho, bila jicho moja kuzidi jingine. Mama yake mzee, bibi yao, alikuwa msusi. Mzee alikulia chini ya kiti chake akiokota nywele, na alipokuja kuwa fundi mikono ikakumbuka. Hakufunga nyaya kwa mipira wala hakuziacha zitambae kama nyoka walevi. Alizisuka. Fundi yeyote mjini akifunua kapeti na kukuta msuko alijua gari limepita wapi. Na katika vitu vyote vya karakana ile, msuko ndio ambao mzee hakumwachia mtu. Aliusuka mwenyewe, akiimba kwa pua.

Enzi za redio ndogo za kwenye dashibodi msuko haukumdhuru mtu. Nyaya zilikuwa fupi na umeme mdogo. Amplifaya za kwenye buti zilikuja juzi tu, na waya wake mwekundu unakunywa umeme kama ng'ombe wa kiangazi. Umlaze waya wa sauti kando yake, umkumbatishe jicho kwa jicho urefu wote wa gari, usitegemee kitu kingine. Mwekundu ananong'ona, wa kijivu anasikia, spika zinasema. Sikio la mzee la zamani lingeugundua mluzi huo siku ya kwanza. Ila siku ya kwanza ya amplifaya lilikuwa limeshaanza kumtoka.

"Kaka," Koleo akasema polepole. "Tumefunga amplifaya kwenye magari mangapi?"

Kaka akachungulia chini ya kapeti. Tabasamu likamfia usoni, jino kwa jino.

"Hakuna mwingine aliyelalamika," akasema.

"Wote ni vijana wa muziki wa kutoboa bati. Hawajawahi kukaa kimya wakasikia kitu."

"Basi usiseme. Pitisha waya mpya upande wa kulia, funika, msuko uache hapo hapo. Mzee hatajua."

"Na gari linalokuja kesho? Atalisuka."

Kaka akamgusa bega, akamwonyesha geti kwa kidevu. Mzee alikuwa amesimama getini akiwa na kipakiti cha fyuzi mkononi.

*

"Nani kafungua gari nililolilaza?"

Hakupaza sauti. Mzee Sikio hakuwa mtu wa kupaza sauti. Hilo ndilo lililokuwa likitisha.

"Mimi, baba."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mluzi."

"Mluzi!" Mzee akamgeukia mwalimu, kisha mwanawe. "Mmeambukizana? Mwalimu ana mafua, nanyi mmepata mluzi?"

Kaka akafungua kinywa aseme maneno matamu. Yalikuwa yameshajipanga mdomoni, Koleo aliyaona. Lakini mwalimu wa kwaya, ambaye hakuna aliyemwambia chochote kuhusu masikio ya mtu, akasimama na kuweka kikombe chini.

"Mzee wangu, tusibishane kama watoto. Ingia usikilize, mimi nitaufuata kwa sauti. Ila nitauteremsha, maana ulivyo uko juu mno kwa koo langu la leo. Nitaimba chini, wewe usikilize juu."

Mzee akatikisa kichwa, akaingia kiti chake. Mwalimu akakaa mbele, akafumba macho kwa mazoea, kama afanyavyo akiwasikiliza waimbaji. Kaka alikuwa kwenye usukani. Koleo alichuchumaa nje ya mlango wa kushoto uliokuwa wazi, mkononi ameshika waya mpya ambao bado ulikuwa ukining'inia juu ya viti.

Angeweza kuuacha ukining'inia. Mwalimu angesema umekwisha, baba angesema nimewaambia, wote wangerudi nyumbani wakiwa na furaha. Alimwona kaka yake kwenye kioo akimwomba kwa macho.

Akaulaza waya juu ya msuko, ukagusana nao kutoka kiti cha mbele hadi cha nyuma.

"Mmmmmm," mwalimu akaanza, sauti nene, laini.

"Anaifuata injini," mzee akasema. "Injini hata mimi naisikia."

"Kaka, shika mafuta hapo hapo. Usipandishe, usishushe."

Injini ikatulia kwenye mvumo mmoja. Mwalimu naye akatulia kwenye sauti moja. Koleo akauinua waya, polepole. Sauti ya mwalimu ikafifia, ikafifia, ikanyamaza. Injini ilikuwa vilevile. Akaulaza. Mwalimu akaimba.

Mzee aliacha kutazama mbele. Akainama, akatazama mkono wa binti yake. Ukapanda, mwanamke akanyamaza. Ukashuka, mwanamke akaimba. Mwanamke mwenyewe amefumba macho, kichwa ameegemeza kwenye kiti, hajui mkono wala waya.

"Nipe," mzee akasema.

Akauchukua waya. Akauinua yeye mwenyewe. Kimya. Akaulaza. Sauti. Akauinua tena, akachelewa makusudi, akauteremsha ghafla, akauinua kabla haujafika, kama mtu anayetaka kumkamata mwenzake kwenye uongo. Mwalimu hakukosea hata mara moja. Kila mkono wa mzee ulipoelekea, sauti ilikuwa imeshafika. Mzee akasogeza uso mpaka sikio likagusa kabisa wavu wa spika ya mlango. Alikaa hivyo muda. Midomo yake ikasogea, labda alikuwa akiimba kwa pua, labda alikuwa akiomba.

Kisha akauweka waya juu ya msuko, kwa upole, kama mtu anayemlaza mtoto, akaketi wima. Na kwa kuwa waya ulikuwa juu ya msuko mwalimu aliendelea kuimba, naye mzee akabaki akimsikiliza.

"Basi, mwalimu," Koleo akasema. "Inatosha. Ahsante."

Mzee akatoka garini. Akaipita meza ya kazi, akaenda kukaa kwenye benchi lililokuwa chini ya ukingo wa paa, mgongo kwao. Kipakiti cha fyuzi kilikuwa bado kiganjani.

"Umefurahi sasa?" kaka akauliza kwa sauti ya chini.

Koleo akachukua mkasi mkubwa wa kukatia waya. Angeweza kuufumua msuko, jicho baada ya jicho, akautoa ule wa kijivu mzima. Alifikiri hivyo kidogo. Lakini msuko ukifumuliwa husukwa tena. Mikono ya baba yake isingevumilia kuona nyaya tatu zimelala bila kazi. Akaingiza mkasi. *Krach.* Mbele. *Krach.* Katikati. *Krach.* Nyuma. Kwenye benchi mabega ya mzee yalitikisika kila mara. Sauti hiyo alikuwa akiisikia vizuri.

Akapitisha waya mwekundu mpya upande wa kushoto, peke yake. Akapitisha wa sauti upande wa kulia, na wa buluu pamoja nao. Akarudisha kapeti, akarudisha plastiki, akapangusa alama za vidole mlangoni. Vipande vya msuko akaviweka juu ya meza ya kazi, si kwenye pipa la taka.

Hakuna aliyemwita mzee. Alikuja mwenyewe. Akapangusa mikono, ingawa haikuwa na uchafu, akaingia kiti cha nyuma, katikati. Akafumba macho. Kaka akawasha injini, akakanyaga, akaachia, akakanyaga. Msumeno wa seremala ukasimama.

Mzee akafumbua macho.

"Kwangu mimi ni kama asubuhi," akasema. "Ukimya uleule." Akapitisha ulimi kwenye midomo. "Koleo. Sema wewe."

Koleo alisikiliza kwa ukamilifu, kama alivyofundishwa. Upande wa kushoto, upande wa kulia, injini ikiwa chini, injini ikiwa juu. Alimsikia mwalimu akivuta pumzi za mafua. Alimsikia ndege juu ya bati. Mluzi haukuwepo.

"Imelala," akasema.

Mwalimu akampa mkono, akampa mzee mkono, akaondoka. Walimwona kwenye kona ya barabara, dirisha limefunguliwa, kidole kikimwonya mtu kwenye redio ambaye ameteleza.

*

Jua lilikuwa limesogea mpaka kwenye meza. Mzee alikuwa amechukua kipande kimoja cha msuko, anakizungushazungusha kwenye vidole.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu birika, baba."

"Na wewe?"

"Tangu birika hilo hilo," kaka akasema akitazama pembeni. "Mimi ndiye niliyelinunua jipya."

Mzee akaguna. "Ungeniita pembeni, Koleo. Mtoto humwita baba yake pembeni."

"Ningekuita pembeni ungeniambia nina masikio ya popo."

Kaka kicheko kikamponyoka. Mzee naye pembe ya mdomo ikacheza, akairudisha mahali pake.

"Ningekuambia," akakubali. "Lakini umenivua nguo mbele ya mteja. Tena msuko wa bibi yako umeukata kwa mkasi kama kamba ya gunia, na mimi nakaa pale nasikia." Akakiweka kile kipande mezani, akakinyoosha. "Sikatai kwamba mluzi umeutafuta vizuri. Njia moja moja, kama nilivyokufundisha. Kwa hiyo sikiliza. Omba radhi. Kwa msuko tu, hayo mengine nimeyameza. Omba radhi, na kuanzia kesho kiti cha nyuma ni chako."

Kaka akamkonyeza dadake, akamkonyeza tena.

"Neno moja, Koleo," akasema. "Linakutoa nini? Liseme, tufunge, tukale."

Koleo alilitafuta neno hilo. Alilitafuta kwa haki, maana kiti kile alikitamani tangu miguu yake haijafika sakafuni mwa gari. Alimwangalia baba yake, vidole vyenye makovu ya moto wa kuchomelea, shingo iliyokonda mwaka huu bila mtu kuona. Alimpenda sana. Neno hakulipata.

"Kiti ukinipa nitakikalia, baba," akasema. "Usiponipa, nitasimama nje ya dirisha nisikilizie hapo. Kesho naanza na lile gari jekundu la muuza magodoro. Nalo limesukwa, na msuko wake nitaukata."

"Koleo," kaka akasema.

"Radhi siombi."